Dadu Nyuma ya Kifuniko

Fundi wa kuchomelea alikuwa akidanganya kwenye mchezo wa dadu, na aliyedanganywa ni shemeji yake.

Kila Jumapili mchana watu wanne walikaa karakanani kuzunguka mlango wa chuma ambao mteja aliutelekeza, umelazwa juu ya mapipa mawili. Mchezo wao ulikuwa wa kusimuliana: fundi alisimulia hadithi ya milima na majambazi. Wenzake watatu, yaani shemeji, mshonaji na dereva wa lori, kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni kwenye karatasi, akimsemea na kumpigania. Jambo likiwa na shaka, dadu ya pande ishirini ndiyo iliyoamua. Wachezaji walirusha zao mezani. Fundi, akiwarushia maadui, alirusha nyuma ya kifuniko cha boksi la betri, kisha akatangaza namba.

Uongo ulianza mwezi mmoja baada ya kumzika dada yake, mke wa shemeji. Jumapili hiyo jambazi alipata ishirini, pigo la kuua. Fundi akaitazama dadu, akamtazama shemeji alivyokonda, akasema, "Tatu. Amekukosa."

Shemeji akacheka. Kicheko cha kwanza tangu msiba. Fundi angefanya nini?

Ila hakuishia hapo. Akaendelea mwaka mzima.

"Dadu zinanipenda," shemeji akawa anatamba.

Mshonaji, ambaye watu wake wawili walishauawa mchezoni, alichoka. "Fundi, rusha hapa mezani sote tuone."

"Msimulizi ana siri zake, dada."

"Siri za hadithi funika. Namba unazifunika za nini, zinaona baridi?"

Dereva wa lori akaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akaondoa kifuniko.

Shemeji, kwa mazoea, akampeleka mtu wake peke yake darajani mbele ya majambazi watatu. "Msinifuate. Nawamaliza."

"Shem, fikiria kwanza," fundi akasema.

"Nifikirie nini? Rusha!"

Kumi na nane. Kumi na saba. Ishirini. Mezani pale, macho ya wote yakiona.

Shemeji akaupiga kofi ule mlango. "Nimekufa! Haya, leo zimenikataa." Alikuwa anatabasamu. Kisha akauliza, kwa utani tu, "Lakini zile za nyuma zilikuwa za kweli, sivyo?"

Fundi akaanza kuziokota dadu.

"Shem?"

"Nilikuwa nakuhurumia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Tabasamu likamtoka. "Kazini wananihurumia. Nyumbani majirani wananihurumia. Nilijua kuna mahali pamoja tu ambapo mtu ananipiga kweli na mimi nampiga kweli. Kumbe hapa ndipo mlipozidi."

"Wao hawakujua. Ni mimi peke yangu."

"Afadhali ungeniua siku ile."

Akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akatoka. Dereva alimfuata hadi getini, akarudi peke yake.

Baadaye fundi alihesabu. Jumapili hamsini na tatu. Vita kumi na tisa, na kati ya hivyo shemeji alishinda kwa haki vinne, labda vitano. Fundi hakuandika popote, kwa hiyo hata vile vichache hawezi kumthibitishia. Wachezaji watatu wamebaki wawili. Na shemeji mmoja, ambaye wakikutana dukani humwambia, "Habari yako, fundi," kama wateja wengine.