Matambara ya Ndoo

Binti alikuwa ameketi kwenye sakafu ya banda, anafungua tambara kwenye mshikio wa ndoo kwa meno, maana vidole vilikuwa vimeshindwa na fundo. Mama yake ndiye aliyelifunga. Mama alikuwa amefunga kila kitu humu ndani: ndoo, komeo, hadi mnyororo wa mlango, ili visitoe sauti. Alianza wiki ile waliyomzika baba, aliyerushwa na farasi wao, Majivu, baada ya ndoo moja kuanguka kwenye saruji. Tangu hapo, aliyeingia bandani aliacha viatu nje na kuongea kwa kunong'ona, na aliyejisahau alikatizwa na "Shhh!" ya mama.

Sasa farasi alishtuka hata mtu akipiga chafya.

"Unajichosha bure," kaka yake alisema, ameegemea mlango. "Daktari wa mifugo anakuja kesho asubuhi. Nimeshamwambia aje na sindano yake."

"Ulisema Majivu akipita kwa fundi na kurudi bila kumuumiza mtu, utamwacha hai."

"Nilisema. Na wewe ulisema utaolewa."

"Nipe jioni hii, kaka."

Alimtazama dada yake, kisha farasi. "Chukua. Ila usiniachie kazi ya kukuuguza."

Binti alivaa kofia ngumu. Alikaza mkanda wa tandiko, akamtembeza Majivu kidogo, akaukaza tena, kwa sababu farasi mwenye hofu hujaza tumbo hewa na baadaye tandiko hulegea. Alipopanda, aliingiza ncha tu za viatu kwenye vikuku vya kukanyagia, ili miguu itoke upesi ikibidi. Hatamu hakuizungusha mkononi. Hayo hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuanguka.

Karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma ilikuwa mwisho wa barabara.

"Shemeji!" fundi aliita. Alimwita hivyo kwa utani, na kaka mtu hakuupenda. "Nigonge kama naua mbu au kama nalipwa?"

"Kama unaua mbu. Kwanza."

Nyundo ilipogusa chuma, Majivu aliinua shingo, mwili ukajikunja chini ya binti kama nguo inayokamuliwa. Binti hakuvuta hatamu pande zote mbili. Alivuta upande mmoja, polepole, akamzungusha duara dogo hadi macho yakarudi njiani, akatoa pumzi kwa sauti ili farasi aisikie.

"Ni chuma tu, baba," alimwambia farasi. "Chuma na mtu anayetafuta riziki."

Walipita. Fundi, kwa furaha au kwa usahaulifu, akagonga kwa nguvu zake zote. Majivu alitikisa sikio moja, akaendelea kutembea. Binti hakuthubutu kufurahi. Alimgeuza kichwa, wakaanza safari ya kurudi.

Mama alikuwa ametoka hadi getini, kaka nyuma yake. Hakuwa amekanyaga barabara ile tangu msiba. Aliona nyundo ikiinuliwa tena nyuma ya mwanawe, na kidole chake kikafika mdomoni kabla hajafikiri.

"Shhh!"

Majivu alijikunja chini, kisha akaruka. Binti alijaribu duara, lakini shingo ilikuwa imekakamaa kama boriti. Alitoa miguu kwenye vikuku, akaachia hatamu, akajitupa pembeni na kubingiria. Farasi alilipiga geti kwa kifua. Kaka alimvuta mama, wakaanguka wote wawili, na geti liliporudi likamkuta mama kwenye kiganja.

Walimkuta Majivu amejibana kwenye kona ya banda, anatetemeka.

Kaka alimfunga mama kitambaa mkononi. Hakupaza sauti. "Umeona mwenyewe," alimwambia dada yake.

"Nyundo si tatizo. Nyundo ameipita. Ni ile shhh. Kila tulipomnyamazisha mtu, Majivu alisikia kwamba tumeogopa. Nipe mwezi nimzoeshe."

"Nakuamini."

"Basi nipe."

"Mdogo wangu, watu wananyamazisha watoto kwa sauti hiyo hiyo. Utaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba waache?"

Binti alivua kofia.

"Mimi nilikuwa namlinda," mama alisema.

"Najua, Mama."

"Nilikuwa nawalinda ninyi."

"Najua."

Kaka alitoka kwenda kumpigia daktari, kumkumbusha kwamba geti limeharibika na apitie nyuma.

Binti alirudi sakafuni, akaendelea na matambara. Baadaye mama aliingia, viatu miguuni, akaketi kando yake na kuvuta ndoo kwa mkono mzima. Alihangaika na fundo. Alikuwa amelikaza mno siku ile, na sasa halikumsikia hata yeye. Majivu alikuwa amewapa mgongo, ngozi ikicheza mabegani.

Giza lilipoingia hawakuweza tena kuona mafundo. Ndoo zilizofunguliwa zilikuwa upande mmoja, zilizobaki upande mwingine, na hizo ndizo zilikuwa nyingi.

"Na hizi je?" mama aliuliza.

"Nitamalizia kesho. Mapema."

Mama aligeukia njia ya nyuma, atakayopita daktari asubuhi.

Binti alisimama na ile ndoo aliyokuwa ameishika, haina tambara tena, mshikio wake mtupu. Akaiweka chini kwenye saruji taratibu, kwa mazoea, bila kutoa sauti.