Mafuta ya Papa Kwenye Klachi

Mimi ni binti wa fundi majahazi, na kosa langu lilitoka huko huko kwetu. Kwetu chombo kikipandishwa pwani hupakwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka mtaa wa tatu, mbao zisiharibike. Basi mume wangu Mwinyimvua alipochukuliwa na Keya, jeshi la Mwingereza, mwaka wa arobaini kwenda vitani, aliniachia motokaa yake ndani ya banda la makuti, akaniambia, "Mama Somoe, nitunzie." Nikaitunza! Kila tundu nililoliona kwenye ile motokaa nililimiminia sifa. Debe zima. Nani alinifundisha mambo ya motokaa? Hakuna.

Miaka sita baadaye akarudi kutoka vitani Bama, ng'ambo ya bahari, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kilichobaki. Yeye hakuweza. Miezi mitano hakuvuka kizingiti. Ijumaa ikifika anasali chumbani peke yake. Wenzake wakija kumjulia hali, ananituma niseme amelala, kumbe macho yamemtoka anatazama dari. Dereva aliyejulikana kutoka Kaole mpaka Dunda! Niliumia, na mimi nikiumia hugomba. Nikagomba, nikabembeleza, wapi!

Nikapiga moyo konde: nitaifufua motokaa, akiisikia inanguruma atatoka tu. Nikamwita kaka yangu Kibwana, fundi majahazi naye, ila anajifanya anajua kila kitu chenye msumari. Tukaazima betri, tukatia petroli, tukajaza mipira upepo, Kibwana akazungusha hendeli mpaka jasho likamtiririka. Ikawaka! Akapanda, akakanyaga klachi, akatia gia. Lo! Motokaa iliruka kama mbuzi, ikagonga nguzo ya banda, ikazimika. Makuti yakatuangukia.

Kibwana akaingia uvunguni, akatoka amekunja pua. "Dada, humu mnanuka sifa. Imekauka, imekuwa gundi, imezigandisha sahani za klachi. Ukikanyaga haziachani. Nilete nyundo?"

"Nyundo kajigonge nayo kichwani," nikamwambia.

Nikaingia ndani. Mume wangu kalala, uso ukutani. Mficha uchi hazai. Nikasema yote kwa pumzi moja. "Baba Somoe, motokaa yako nimeiua. Niliimiminia sifa ndani ya klachi, na sasa Kibwana anataka kuipiga nyundo."

Kichwa kikageuka.

"Uliimiminia nini?"

"Sifa."

"Kwenye klachi?"

"Na kwingine."

"Astaghfirullah! Nyundo? Nipe magongo yangu! Huyo Kibwana asiguse kitu!"

Alitoka kwa hasira, hata hakuona kwamba amevuka kizingiti. Mimi niliona. Nikanyamaza kimya, jambo ambalo si kawaida yangu.

Akainama, akanusa, akatikisa kichwa. Akasema huko Bama klachi ziliwahi kuwakwamia vivyo hivyo kwa kutu ya mvua. "Haipigwi nyundo. Injini ipate moto kwanza, watu waisukume, nitie gia ikiwa mwendoni. Halafu klachi ikanyagwe isiachiwe, na mimi nikanyage mafuta, nipige breki, mafuta, breki, mpaka zibanduke." Hapo akautazama mguu wake. Klachi ni kazi ya mguu wa kushoto.

"Sogea basi," nikasema. "Mimi ninayo miwili, na yote haina kazi."

Wanaume sita wakasukuma. Nimekaa ubavuni pake, buibui nimelikunja, mguu wangu juu ya klachi. Gia ikasaga meno, tukaondoka, na njia ya kusimama hakuna ila kuizima. Barabara ya Kaole tuliifagia: kuku, mbuzi, Bi Ashatu na kapu lake la dagaa, wote pembeni!

"Kanyaga!"

"Nakanyaga!"

"Kwa nguvu, mwanamke, hukandi unga!"

"Wewe piga breki, maneno ya nini?"

Mafuta, breki, mafuta, breki. Paji langu la uso nusura livunje kioo. Nikamgeukia nimtolee maneno yake, nikamkuta anacheka. Meno yale sikuwa nimeyaona tangu arudi.

Tulipokaribia Kaole, kitu kikalia pa! chini yetu. Harufu ya papa ikatujaa puani, pedali ikawa laini chini ya mguu wangu, motokaa ikasimama na injini bado inanguruma. Kicheko chake kikakatika. Nikaogopa kwelikweli: klachi imebanduka, kazi imekwisha, sasa atarudi kulala.

Akaushika usukani, akavuta pumzi. "Achia taratibu, mama Somoe," akasema. "Taratibu. Tupitie mjini."

Ijumaa iliyofuata nilikuwa chumbani napaka wanja, honi ikalia nje, ndefu, haina adabu.

"Mama Somoe! Watu wanaingia msikitini, mguu uko wapi?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba mguu haujavaa kiatu, na asinipigie kelele mbele ya majirani. Kisha nikalia, wanja wote ukanichuruzika mashavuni, nikatoka hivyo hivyo.