Maua Niliyoyangoja

Nilikuwa nimesimama kati ya matuta, mkasi mkononi, siku ya tisa hiyo, nikingoja maua ambayo tayari yalikuwa yamechanua.

Sikujua. Mama alipokwenda kulazwa kwa upasuaji aliniachia maagizo mlangoni: "Yakifunguka tu, yakate. Yafunge mafungu, uyaning'inize kichwa chini juu ya kitanda changu yakauke. Nikirudi nataka niyakute hapo." Miaka miwili mbegu zake zilikuwa zimekataa kuota. Mwaka ule alizilaza kwanza kwenye friji, kando ya maziwa, wiki tatu nzima, eti zinataka baridi ndipo ziamke. Nilimcheka. Zikaota.

Mimi najua vitunguu. Maua yalikuwa mambo yake. Kila asubuhi nilikagua yale mashina marefu yenye miiba, vikombe vya kijani vimepandana juu yake kuanzia chini hadi kileleni. Kijani kitupu. Nikajisemea, subira huvuta heri. Nilingoja nyekundu, njano, hata zambarau. Nikamwagilia, nikangoja tena. Vikombe vikapauka, vikadondoka kimoja kimoja, nami nikadhani ni majani yanayapisha maua.

Muuza maua, mteja wa mama wa siku zote, alipopita alijishika kichwa.

"Dada, mbona hukukata?"

"Hayajachanua."

Akaokota kikombe kimoja kilichodondoka. "Hayo ndiyo maua yenyewe. Ni ya kijani. Yamekupita."

Mama alirudi amekonda hata viatu vinampwaya. Akalala, akatazama dari.

"Yako wapi?"

"Nilingoja rangi, mama."

"Kwani kijani si rangi, mwanangu?"

Akacheka, mkono umeushika mshono, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Niliona aibu. Mpaka leo sielewi alikuwa amenisamehe au la, na nimeligeuza swali hilo kila upande.

Kesho yake alijikongoja hadi shambani, akaokota mbegu chini ya mashina makavu. Akazitia kwenye bahasha, akaisukuma ndani ya friji.

"Wiki tatu," akasema. "Halafu tutapanda wote, nikuonyeshe."

Yeye aliishi mbili tu.

Bahasha ile imehama nami friji tatu sasa. Kila mwaka naitoa, naitikisa sikioni, nairudisha kando ya maziwa.