Kesi Iliyoombewa Kibingo

Migomba ya Adelard ilipoanza kunyauka, aliutazama mfereji wa kiwanda cha kuoshea kahawa uliopita chini ya shamba lake hapa Kibingo, akasema amempata mchawi wake. Mkewe, Dafroza, alikuwa akichambua kahawa katika kiwanda hicho hicho, pamoja na wanawake wengi wa kijiji.

"Baba Evelyn, hata migomba ya kule juu inanyauka," alimwambia. "Maji yanapanda mlima?"

"Unawatetea kwa sababu wanakulipa."

"Na wewe unachokula jioni kinatoka wapi?"

Bwana shamba alikwisha kuwaeleza wakulima wote kwamba mnyauko hubebwa na panga. Ukikata mgomba mgonjwa, pitisha panga kwenye moto kabla hujagusa mwingine. Adelard alisikia. Lakini panga lile aliachiwa na marehemu baba yake, na aliamini moto ungeua makali yake. Akapita nalo shamba zima, mgomba kwa mgomba.

Katika mji mdogo wa Omurushaka, Adelard alimpata Novatus, mtu wa suti aliyewaandikia watu hati za mahakamani ingawa hakuwa wakili.

"Mzee wangu, kampuni haipendi kuitwa mahakamani," Novatus alisema. "Hata usipokuwa na ushahidi, watakupoza kwa pesa ili unyamaze. Kesi yenyewe haitafika mbali."

Adelard akauza ng'ombe wake ili amlipe, na kesi ikafunguliwa.

Jumuiya ya kanisa, majirani wanaosali nyumba kwa nyumba kwa zamu, ilipokuja kwake, aliomba kesi yake iombewe. Dafroza aliinamisha kichwa, akaitikia pamoja na wengine, "Twakuomba utusikie."

Kabla kesi haijaanza kusikilizwa, meneja wa kiwanda, Kokubanza, mwanamke aliyetoka wilaya ya Muleba, alikuja mwenyewe. Dafroza akamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni yeyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta bahasha?"

Kokubanza alicheka, kisha akaacha. "Sikuleta. Nikikulipa kwa kosa lisilo letu, kesho kijiji kizima kitakuja na migomba yake. Lakini kila tunapoitwa mahakamani tunamlipa wakili, na kiwanda hiki ni kidogo. Wakubwa wangu Bukoba wameanza kuuliza kwa nini tubaki Kibingo. Futa kesi, mzee wangu. Nitaleta mtaalamu apime maji mbele ya macho yako."

"Tutaonana mahakamani, dada wa Muleba."

Adelard akaondoa kikapu mezani kabla mgeni hajachukua kahawa ya pili. Dafroza aliona aibu mpaka akatoka nje.

Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, msimu mzima wa kahawa. Mwishoni maji yalipimwa na hayakuwa na dosari. Hakimu alimuuliza Adelard swali moja tu: "Maji haya yaliifikiaje migomba ya juu?"

Adelard aligeuka kumtafuta Novatus. Hakuwepo, na simu yake ilikuwa imezimwa. Hakimu akaitupilia mbali kesi, akaamuru mdai alipe gharama za upande wa pili.

Nje, Adelard alimsubiri Kokubanza, kofia mkononi.

"Mama, ng'ombe nilishauza."

"Gharama hatutakudai," alijibu bila kumtazama. "Tumekubaliana kuziacha. Ila mashine zinaondoka wiki ijayo."

"Lakini mmeshinda!"

"Tumeshinda, mzee. Lakini kushinda kwenyewe kumetumaliza."

Mashine zikaondoka. Wanawake waliokuwa wakichambua kahawa walirudi kulima vibarua. Hakuna aliyemtukana Adelard. Walimsalimu kama zamani, na salamu hizo zilimchoma kuliko matusi.

Zamu ya jumuiya kusali kwake ilirudi. Mwenyekiti alipouliza nani ana nia ya kuombewa, Adelard alifungua kinywa. Alikumbuka jinsi alivyopiga magoti akiomba ashinde. Hata mara moja hakuwa ameomba aoneshwe kama ana haki.

"Niombeeni," alisema, na sauti ikakatika.

Waliokuwepo wengi walikuwa wachambuaji wa kahawa. Kisha Dafroza akasema kwa upole, "Tumwombee baba wa nyumba hii. Na sisi, tulioitikia huku tukijua kuwa maji hayana kosa."

"Twakuomba utusikie," walijibu.

Watu walipotawanyika, Adelard alichukua panga la baba yake, akaenda jikoni kwa mkewe. Akaliweka juu ya makaa, akalishikilia hapo. Kule shambani migomba mizima iliyobaki ilikuwa michache sana.