Mawe Yaliyopangwa kwa Kimo

Mwalimu mstaafu alikuwa amewasumbua watu wa mtaa kuhusu makaburi ya zamani hadi wakambandika jina: Mama Makaburi. Hakujali. Kila kikao alisimama akaeleza kwamba pale amelala mkunga wa kwanza wa mji, amelala mchimba visima, wamelala watu ambao bila wao hapa pangekuwa pori tupu, na sasa mbuzi wanashinda juu yao. Wajumbe walipiga miayo. Mwenyekiti wa mtaa alijibu, "Tumekusikia, Mama," kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia kitu.

Kumbe safari hii alisikia. Laiti asingesikia!

Siku hiyo mwalimu alikuwa na baba yake, wanaelekea hospitali. Mzee alikuwa afanyiwe upasuaji kesho yake, na ombi lake lilikuwa moja tu: apitishwe kwanza kwenye kaburi la mkewe. "Nataka nikuonyeshe upande gani wa mama yako mtanilaza," alisema ndani ya teksi. "Nisiporudi, msije mkanitupa kokote."

Walipofika kwenye geti la makaburi, mwalimu alidhani wamekosea njia. Majani yote yamefyekwa. Vichuguu vya makaburi vimesawazishwa, ardhi imekuwa tambarare kama uwanja wa mpira. Na mawe yenye majina, jamani! Yameng'olewa yote, yamepakwa chokaa, yamepangwa ukutani, marefu huku, mafupi kule.

Mwenyekiti alikuja mbio, suruali imekunjwa hadi magotini, chokaa mpaka kwenye nyusi.

"Mama! Umeiona kazi? Mtaa mzima tumetoka! Yalikuwa yamekaa ovyo ovyo, mengine yameinama. Tumeyapanga kwa kimo."

"Kwa kimo," mwalimu akasema.

"Na hakuna hata moja lililopotea!"

"Na wenyewe?"

"Wenyewe kina nani?"

"Mwenyekiti, wewe una akili timamu kweli? Jiwe linasema hapa amelala fulani. Hapa! Sasa hapa ni wapi? Wote wamelala ukutani?"

Mwenyekiti akautazama ukuta, akaitazama ardhi, na tabasamu likamfifia taratibu. "Lakini Mama, si wewe uliyetaka pasafishwe?"

Hapo ndipo damu ilipomchemka mwalimu. Alitamani kumng'ata. Miaka yote ya kupiga kelele, watu hawainui hata jembe. Siku wanainua, wanazika makaburi yenyewe! Na ubaya zaidi, huyu bwana hakuwa na nia mbaya hata chembe. Utamgombeza vipi mtu aliyekupokea kwa tabasamu?

Nyuma yake mzee alikuwa amefika akijikongoja na fimbo. "Mama yako alikuwa mstari wa mkunga," alisema, akipepesa macho. "Mkunga yuko wapi?"

Mwalimu angeweza kumwonyesha popote. Mzee haoni vizuri, angeridhika, angeenda kupasuliwa na moyo mweupe. Mdomo ukamkatalia.

"Baba, sijui," akasema, na machozi ya hasira yakamtoka. "Wamesawazisha. Sijui tena."

Mzee hakumlaumu mtu. Alivua kofia yake, akaenda kwenye kona ya karibu, akaiinamia ile ardhi tupu.

"Hodi," akasema kwa adabu. "Samahani kwa usumbufu. Namtafuta mke wangu."

Akasubiri kidogo, kisha akasogea mbele, akainama tena.