Ng'ombe wa Gidamis kwenye Mti wa Krismasi

Natalia alijua kwamba baba yake hatakuja kwa sababu ya binti, wala kwa sababu ya mjukuu. Kwa sababu ya ng'ombe angekuja. Mzee Gidamis wa Balangdalalu, mfugaji wa Kidatooga, alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwambie kuna jirani anaumwa, atasema pole na kuendelea kuchonga fimbo yake. Mwambie kuna ng'ombe anachechemea upande wa pili wa mlima, atainuka hapo hapo aende kumtazama, hata kama si wake.

Natalia alibatizwa na kuolewa Gehandu, kwa Wairaqw, watu wa jembe na mahindi, mwaka ule ule Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha. "Serikali imekata mkoa," mzee alisema siku hiyo, "na binti yangu naye amejikata." Harusini hakutia mguu. Ng'ombe ambaye baba wa Kidatooga humkabidhi binti yake anapokwenda kwa mume, hakumtoa. Miaka minne ikapita. Natalia alituma salamu kwa kila mchungaji aliyepita, akatuma na picha ya mtoto wake Irene akiwa na meno mawili. Hakujibiwa hata neno. Wakwe zake hawakumsema, ni watu wenye haya, lakini kila sherehe ilipofika na wazazi wa wake wa mashemeji zake wakaja na kukaribishwa ndani, yeye alijikuta ana kazi nyingi sana jikoni.

Alitaka jambo moja tu: baba yake aingie nyumbani kwake, akae kitini, ale. Mwaka 2006 aliona kubembeleza kunatosha. Angemwita kwa kitu ambacho mzee hawezi kujitia hakukisikia.

Nafasi aliipata kwa mama mkwe wake, Fabiola, mwenyekiti wa akina mama wa kigango. Kwa Fabiola, kufuma hakukuwa kazi ya kupotezea muda. Makochi yake, redio yake, hata jagi la maji, vyote vilivaa vitambaa vya kufuma, na mgeni aliyekaa vibaya akakikunja kitambaa cha kochi alitazamwa mpaka akinyooshe. Mti wa Krismasi wa kanisani ulikuwa ukimkera miaka yote. Ulivalishwa maputo yaliyopasuka katikati ya mahubiri, na vile vigololi vya Kichina vinavyong'aa leo na kuchubuka kesho. Mwaka huo Fabiola alipitisha amri: hakining'inizwi kitu mtini ambacho hakikufumwa kwa mkono, na kila nyumba ilete cha kwake.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Natalia kushika sindano ya kroshia. Alidhani itachukua muda. Lakini mikono ya Natalia ilikuwa imelelewa kwenye kushona shanga juu ya ngozi, kazi isiyosamehe, na kwa masika moja tu akawapita wanawake waliokuwa wakifuma tangu shule ya msingi. Alijua kwamba amewapita, na hakuona sababu ya kuficha.

Wengine walipoanza nyota, kengele na malaika, Natalia akaanza kundi la baba yake. Kundi zima, ng'ombe mmoja mmoja, kama alivyowaacha siku anaondoka.

Nyuzi za dukani Katesh zilikuwa nyeupe, nyekundu na kijani, na ng'ombe wa kijani hajazaliwa bado. Kwa hiyo alikwenda mnadani, kwenye marundo ya mitumba, akawa anachambua masweta. Muuzaji alimwonyesha mazima, yeye akashika lililotoboka viwiko vyote viwili.

"Dada, hilo bovu," muuzaji akamwambia.

"Najua. Fahali huyu nimemtafuta tangu mwezi wa tisa," Natalia akajibu, akalikunja na kuondoka, na muuzaji akabaki ameshika kiuno.

Nyumbani aliyafumua masweta, akaziosha nyuzi na kuzikunja mabonge. Rangi ya udongo mkavu ilikataa kabisa kupatikana, mpaka asubuhi moja alipomwona mumewe Alfredi akienda shambani amevaa sweta la rangi ile ile. Alfredi alilitafuta sweta lake wiki nzima. Siku alipomwona ng'ombe akaelewa, akacheka, na baridi ya asubuhi akaipokea kiume.

Kila ng'ombe alitosha kiganjani. Alianzia tumboni, akazungusha mduara juu ya mduara, akajaza vipande vya nguo, kisha miguu, kisha kichwa. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye pembe. Alizifuma kwa uzi mwembamba, akazichovya kwenye uji mzito wa unga wa ngano, akazikunja zikiwa mbichi na kuzianika kivulini zikauke hivyo hivyo. Maana kwa Wadatooga ng'ombe hajulikani kwa rangi peke yake. Anajulikana kwa pembe, kwa baka, kwa namna anavyobeba kichwa, na mtu akikosea hapo amekosea kila kitu.

Jumapili ya tatu ya Majilio akina mama walileta kazi zao. Katekista Onesphory, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alipokea nyota, akapokea kengele, akafika kwenye kikapu cha Natalia na kusimama.

"Mama Irene, hii nini?"

"Ng'ombe, katekista."

"Nimeona ni ng'ombe. Nauliza wanakuja kufanya nini mtini? Tutaonekana tumefungua josho kanisani."

Akina mama wakacheka. Natalia hakupepesa macho. "Pale pangoni, karibu na Mtoto, si kuna ng'ombe?"

"Yupo."

"Wa nani yule?"

Katika miaka yote ambayo Onesphory alifundisha dini, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Yule hana mwenyewe," Natalia akasema. "Hawa wangu wanaye."

Wote wakamgeukia Fabiola. Mama yule alichukua ng'ombe mmoja, akamgeuza tumbo juu, akavuta miguu, akatafuta mahali uzi ulipofungwa na hakupaona. Fabiola alikuwa mtu wa kukurudishia kazi uifumue mbele za watu bila kuomba radhi. "Hii kazi haina kasoro," akasema hatimaye. "Wapandisheni."

Ndivyo msaipresi wa kigango cha Gehandu ulivyopata malaika juu, nyota katikati, na chini, matawi yote ya kuzunguka, kundi la ng'ombe wa Gidamis.

Kilichofuata Natalia alikuwa amekipigia hesabu. Wiki ile kulikuwa na mnada, na wachungaji wa tambarare walipita na mifugo yao mbele ya kanisa. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya usafi. Kijana mmoja akachungulia, akamwita mwenzake, na mwenzake akaita wengine. Natalia, aliyekuwa akideki, alisikia wanabishana kwa Kidatooga, na hakuinua kichwa.

"Yule si ndiye mwenye baka jeupe wa Gidamis?"

"Ndiye. Na yule kijivu nyuma yake. Wamefikaje humu?"

Habari ile ilikwenda Balangdalalu haraka kuliko simu, maana simu huko ilihitaji mtu apande kichuguu kwanza kutafuta mtandao.

Mzee Gidamis alifika siku ya tatu, asubuhi, mkesha wa Krismasi. Ibada ya Jumapili ilikuwa imekwisha, na akina mama walikuwa wakifagia. Mlango ukawa na kivuli, na ndani yake mtu mrefu mwenye shuka nyeusi begani na fimbo mkononi. Natalia alikuwa amempangia baba yake maneno mengi, na yote yalimkimbia. Likabaki moja tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee hakumtazama. Aliegemeza fimbo ukutani, akapita kati ya mabenchi moja kwa moja hadi mtini, akainama. Onesphory, aliyekuwa akiwasha chetezo kukijaribu, alisogea kama atakayehitajika kuamua ugomvi.

"Nani amemfanya huyu?" Gidamis akauliza kwa Kidatooga.

"Mimi."

"Pembe yake inayoinama ni ya kulia. Umeinamisha ya kushoto. Umekaa na wakulima, umesahau."

Natalia aliona haya, na papo hapo akafurahi hata akaona haya ya furaha yake. Alitoa kroshia kwenye nywele alikokuwa ameichomeka, akamshusha ng'ombe, akaifumua pembe na kuanza kuifuma upya akiwa amesimama. Mzee akamsimamia, akitazama kila tundu. "Chini zaidi," akasema. "Hapo. Basi."

Kisha akaanza kuzunguka mti. Aliwagusa mmoja mmoja kwa kidole, kama mtu anayewapitia zizini jioni, na kila aliyemgusa alimtaja jina.

"Huyu yupo," akasema. "Huyu hayupo. Huyu hayupo. Huyu alilala chini mwezi wa pili, tukamnyanyua kwa miti na kamba, hakusimama. Huyu hayupo. Huyu yupo, amebaki mifupa."

Natalia alijua ukame ulikuwa umepita tambarare, nani asiyejua? Ila hakujua umepita zizi gani na kuacha nini. Mzee alipofika nusu ya mti sauti yake ilikuwa imepungua, na akina mama, ambao hawakuelewa neno hata moja, waliacha kufagia.

"Niwashushe waliokufa?" Natalia akauliza.

"Waache," mzee akasema. "Sijawaona pamoja tangu mwaka jana."

Akakaa kwenye benchi. Alikuwa amezeeka kwa namna ambayo hakuna mchungaji aliyemwambia Natalia. "Mwanzo nilikuwa na hasira," akasema. "Hiyo ni kweli, na sikuombi radhi. Mwaka wa pili hasira iliisha. Nikasema mvua ikinyesha nitampelekea ng'ombe wake. Mvua haikunyesha. Nije na nini? Nikae kwa wakulima, nile ugali wao, mkono mtupu?"

Natalia alikuwa amebeba ukali wa baba yake kifuani miaka minne, akaulisha na kuukuza, kumbe ilikuwa ni aibu ya mzee. Alimwonea huruma, akajionea huruma na yeye, na juu ya hayo yote akamkasirikia kidogo, kwa sababu ni upuuzi mkubwa kumkosa mtu kwa ajili ya kitu asichokuomba. Hakulia. Alikwenda mtini akashusha ng'ombe mweusi mwenye tumbo jeupe, yule aliyekuwa akimkamua mwenyewe enzi za usichana.

"Mimi nataka huyu."

"Huyo amekufa. Nimekwambia."

"Nimesikia. Nilipoondoka alikuwa na mimba. Alizaa nini?"

Gidamis alimtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Jike," akasema.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Mtamba mzuri. Ameshika mimba."

"Basi ndiye wangu."

Mzee alikuna kidevu. Ilikuwa dhahiri kwamba mtamba yule ndiye aliyekuwa akimtegemea, na ilikuwa dhahiri pia kwamba amependa jinsi mtamba alivyodaiwa. "Ni wako," akasema mwisho. "Kaka yako atamleta mvua ikitulia."

"Hapana. Usimtume kaka. Umlete wewe, kwa mkono wako, watu wakuone. Lakini leo sikuombi ng'ombe. Leo utaingia kwangu, utakaa, utakula, mkono mtupu hivyo hivyo."

Gidamis alimgeukia Onesphory, na kwa Kiswahili chake cha mnadani akamuuliza, "Mwalimu, wewe umefundisha hii maneno?"

"Huyu alikuja anajua, mzee," katekista akajibu.

Fabiola hakuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa ameweka ufagio chini, akapiga goti kidogo na kusema, "Karibu, mkwe," kisha akatoka kwa mlango wa nyuma na kukata njia kupitia shambani, akiita kwa sauti watu wawashe moto.

Mzee akainuka, akachukua fimbo yake. Mlangoni akasimama. Nyumba za Gehandu zilikuwa zimetawanyika mbele yake, mabati kwa nyasi, mahindi machanga yakiwa yamezizunguka, zote zikifanana machoni pake.

"Ya kwako ni ipi?" akauliza.

Swali lile lilimwingia Natalia kuliko yote aliyokwisha kuyasikia asubuhi ile. Alionyesha kwa mkono, lakini mzee akatikisa kichwa, hakuiona. Kwao mwanaume hutangulia na mwanamke hufuata. Siku ile Natalia alitangulia, na baba yake akafuata nyuma yake, kwa sababu njia alikuwa haijui.