Kuvua Kijivu

...na kama litakatika hapa, kwenye mkunjo wa boneti, basi nitashinda nasugua makombo kwa kidole gumba hadi jua lizame, maana ganda la rangi hapa ni jembamba, najua ni jembamba, mimi mwenyewe ndiye niliyelipuliza, siku ile mvua ilikuwa inanukia nikapiga mikono minne ya rangi badala ya sita, nikajiambia boneti haitajua, kumbe boneti inajua, kila ulichokipaka kwa haraka kuna siku kitakuja kukusemea, taratibu basi, usivute kwenda juu, vuta kwa kulaza mkono sambamba na bati, hivyo, linakuja, linakuja na ile sauti yake ya plasta inayobanduliwa, upana wa kiganja, upana wa viganja viwili, na chini yake nyekundu inajitokeza, mbichi, inameta, miaka mitatu haikuonja jua wala mchanga, na hapa lazima nikiri, hata kwa hasira niliyoamka nayo leo, hakuna utamu katika kazi hii unaoshinda huu, kuliona ganda la mpira linainuka lote kwa pamoja kama ngozi ya maziwa...

"Umefika wapi?" baba anauliza, hii ni mara ya nne, naye amekaa hatua sita tu kutoka hapa, kwenye kile kiti cha plastiki chini ya paa la gereji, mikono juu ya magoti, uso umenielekea moja kwa moja, kwa hiyo swali gani hilo, si anaona nilipofika, "Bado niko kwenye boneti, baba," nasema, "Aha," anasema, tabia yake hiyo, ndivyo alivyokuwa akinisimamia kwenye madaftari, kwenye kufua, kwenye kufagia ua, umefika wapi, umefika wapi, kama mtu anayehesabu hatua zako akisubiri utakapojikwaa... taratibu, hapa kuna ufa, niuzunguke, niingize kucha upande wa pili... na mimi na miaka yangu arobaini na moja, mpuliza rangi ambaye watu wanamfuata kutoka mbali na magari yao, akiniuliza umefika wapi vidole vinageuka vya mtoto wa darasa la pili. Wiki iliyopita alinipigia simu, salamu fupi, halafu, "Mama, hiyo rangi yako, nitolee," basi, nikamuuliza imekuchosha, imeharibika, kuna mtu kakuambia kitu, "Itoe tu, nirudishie nyekundu yangu," akakata, wiki nzima nimetembea na neno hilo, rangi *yako*, nyekundu *yangu*, kama mwiba kwenye soli, huuoni lakini kila ukikanyaga upo.

Ilimchukua miaka kumi na moja kuniruhusu niliguse gari hili, kumi na moja, nilipaka ya majirani, ya daktari, ya harusi za watu, lake akanijibu kila mwaka kuwa liko sawa, mpaka zilipokuja hizi rangi za mpira zinazobanduka, nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni pa chumba chake cha ushonaji, kwamba naipuliza juu ya rangi ya zamani bila kuikwaruza, ikikauka inakuwa kama glavu, siku ukiichoka naishika pembeni naivuta inatoka yote, rangi ya kiwandani iko palepale, akasimamisha cherehani, akafikiri, akasema, "Kama inavuliwa, sawa," na mimi nikafurahi na kuumia kwa pamoja, nikifurahi kwa sababu amekubali, nikiumia kwa sababu ya ile *kama*, yaani mwanao anaaminiwa kwa kitu kinachoweza kufutwa tu... Lakini nilimfanyia kazi, hilo hakuna wa kuniondolea, kijivu cha majivu kisichong'aa, mlango kwa mlango, na rimu zile, niliomba karata zake za zamani nikazichomeka moja moja kati ya tairi na rimu zote kuzunguka ili rangi isiguse tairi, jembe, kopa, kisu, baba akasimama kuangalia akasema ndiyo mara ya kwanza anaona karata zikifanya kazi halali, akacheka, nikacheka, siku nzuri ile, mbona naisahau, siku nzuri kabisa.

"...mzee, lakini ulipendeza na kijivu, ulikuwa kama waziri," hiyo ni sauti ya Subiri, fundi wa breki, tunamwita hivyo kwa kuwa hakuna gari ambalo hakumwambia mwenyewe asubiri, amelala chini ya gari lililo pembeni, miguu tu ndiyo inaonekana, anazungumza na baba kama wamelazwa wodi moja hospitali, na baba anamjibu kwa sauti ya chini, sauti ya chini mbona, ninyamaze, nisivute kwa muda kidogo... "...kwenye maegesho, nikazunguka mara tatu, kijivu ndani ya vumbi, utaona nini..." hapa ganda limeshika, kuna kipande kimeng'ang'ania kwenye tundu la kunyunyizia maji ya kioo, nilisahau kukikata pembeni, nipitishe ncha ya wembe wa plastiki, hivi... "...nikachomeka funguo kwenye gari la mtu, king'ora kikalia, mlinzi huyo mbio, mzee unaiba mchana wote huu, nikamwambia, mwanangu, ningekuwa mwizi ningechagua gari zuri zaidi ya hili..." Subiri anacheka huko chini, kitu kinagonga bati, baba hacheki, "...daktari anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa, nikamwambia daktari, katika umri huu bado napata watoto..." na vidole vyangu vimesimama, ganda liko hewani nusu limebanduka nusu limeshika, nimelishika kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi asiyejua ampeleke wapi.

Mtoto wa jicho, ndiyo maana ameletwa na jirani leo, akaniambia ni mguu, mguu unamsumbua, ndiyo maana nilipoingia asubuhi na kusema shikamoo alisubiri nitoe sauti ndipo akatabasamu, ndiyo maana cherehani imefunikwa shuka tangu mwaka jana, "nimechoka, mama, miaka arobaini inatosha," alisema, na ile sindano, mimi nilikuwa nimekaa pale pale, alinipa sindano na uzi akasema nisaidie mikono yangu ina mafuta, na mikono haikuwa na mafuta, niliiona haikuwa na mafuta, nikatunga uzi nikamrudishia nikaendelea kusimulia habari za wateja wangu... na umefika wapi, jamani, umefika wapi, hatua sita na hajui nimefika wapi, haoni, anaona kitu kinachosogea mbele ya kitu cha kijivu, mara nne ameuliza na mara nne nimemjibu kama mtu anayefukuza nzi, "boneti, baba"... si usimamizi, ni kiu, mtu amekaa pembeni mwa kazi ya mwanawe anataka kuiona na haioni, anaomba aambiwe. "...nyekundu naiona," anamwambia Subiri, "nyekundu hata iwe mbali naiona, kila kitu kingine ni chai ya maziwa, lakini usimwambie, ataninyang'anya funguo," "Mzee, si una miadi ya kupasuliwa?" "Wiki mbili, jirani atanipeleka, halafu nitamwambia limekwisha," aah, limekwisha, mzee huyu, alimficha mama yangu hivyo hivyo homa zake na sasa amegeukia kwangu, ningeweza kukasirika, naitafuta hasira ile niliyokuja nayo naipapasa kama mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake, haipo, kilichopo ni kitu kingine, chepesi, karibu kinichekeshe, wiki nzima nimejisomea msiba kwenye sentensi ya mtu aliyetaka tu kulipata gari lake kwenye maegesho. "Lakini kazi yenyewe," baba anasema, na sasa amesahau kushusha sauti, "nitakwambia wewe kwa kuwa ni fundi, siku ile jicho likiwa zima nililizunguka gari lote nikitafuta mshono, rangi ni nguo, lazima kuna mahali mtu amekunja akaunganisha, sikuupata, pembe za milango nimepapasa, chini ya bampa nimepiga magoti, sikuupata, na mimi kuficha mshono ndiyo kazi niliyokulia," na Subiri anasema mmh, na mimi nimeinamia boneti nikijifanya natafuta ufa, kioo cha mbele kinanionyesha uso wangu, siutazami sana. Ile *kama inavuliwa*, labda ilikuwa woga wake, labda ilikuwa akili tu ya mshonaji, hakuna nguo isiyofumuliwa, au labda kweli hakuniamini siku ile halafu akapiga magoti chini ya bampa akaamini, sijui, na naona naweza kukaa na kutojua huko bila kuchubuka.

"Baba," nasema, "nimevuka mkunjo wa katikati, upande wa dereva wote uko wazi, umetoka kipande kimoja kama shuka, ubavu wa kushoto bado, kuna kipande kidogo kimening'inia kwenye taa," naongea polepole, nayataja yote, upana, rangi, mahali jua linapopiga, uso wake unasogea mbele kidogo kama wa mtu anayesikiliza redio, "na siku ya miadi, wiki mbili zijazo, nitafunga kazi nikupeleke mwenyewe, jirani apumzike." Miguu ya Subiri inajivuta chini ya gari kama ya kobe, "Nani kakwambia?" baba anauliza, "Gereji hii haina kuta, baba," anakohoa, anapangusa goti lisilo na vumbi, "Njoo basi," namwambia, naenda kumshika mkono, hatua sita, anazihesabu kwa mguu, namwekea ncha ya ganda katikati ya vidole vyake viwili, vidole vya mtu aliyeshika vitambaa maisha yake yote, anauonja unene wake, "Vuta kwa kulaza," nasema, anavuta, na mkono wangu uko juu ya wake lakini simwongozi, haihitajiki, linakuja, linakuja lenyewe, nyekundu inaongezeka mbele yake inchi kwa inchi naye anainama aisogelee, "Hiyo naiona," anasema, "hiyo hapo," tunavuta, mlio ule wa plasta, harufu ya mpira uliopata joto, bado tuko kwenye boneti ileile, ubavu ni ule ule, bado milango minne na paa na rimu zote nne, halafu anasema, bila kusimama, kama anayetaja kitu kidogo cha dukani, "Wakishanifungua jicho, utanirudishia kile kijivu, safari hii nataka nikae hapa karibu niangalie," na mimi nasema "Mmh," nasema "Mmh" tu, nikibadilisha mshiko ili ganda lisimponyoke.